Nyumba Tuliyoivua Kabla ya Moto

3 Februari

Dada,

Kabla hujasoma lolote, kaa chini, kunywa maji, kisha ujue kwamba mdogo wako amesimamisha mlima. Ndiyo, mimi, huyuhuyu uliyesema sifai hata kushika kamba ya mbuzi. Nilisimama mbele ya lava, nikainyooshea msumeno, nikaiambia, "Hapa hupiti," nayo ikasimama.

Sawa. Haikusimama. Ilipunguza mwendo. Na hata huko kupunguza hakukuwa kwa heshima yangu, kulikuwa kwa sababu ya kifusi cha uzio wa shule kilichokuwa mbele yake, na mimi wakati huo nilikuwa juu ya ukuta wa kinyozi nimeshika viatu mkononi. Ila msumeno nilikuwa nao. Hilo wifi yako atakuapia.

Sisi wazima. Wifi yako mzima, mdomo wake mzima zaidi. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja anafanana na kinyozi. Ningekupigia simu, lakini kukupigia wewe simu kwa masikio hayo ni kumpigia mbuzi gitaa; mara ya mwisho nilikuuliza habari za afya ukanijibu bei ya vitunguu. Kwa hiyo naandika, mimi niliyeacha shule darasa la nne mwalimu akashukuru Mungu.

Sasa sikiliza, maana najua redio huko inawapa nusu habari. Mlima umepasuka. Haukupasuka kileleni tulikozoea kuona moshi. Umepasuka ubavuni, kama shati la mtu aliyenenepa, na hapo kwenye ufa ndipo lava inapotoka. Huko juu, wanasema, inatiririka kama mafuta ya kupikia, huwezi kushindana nayo mbio. Ila kadiri inavyoshuka inapoa, inazeeka, inakuwa kama mimi: nzito, yenye kelele, haina haraka ya kufika. Ikiingia mitaani si mto tena. Ni lundo la mawe meusi lenye kimo cha nyumba, na linatembea. Mawe ya juu yanaporomoka mbele, lundo linayakanyaga na kupita. Mengine yanaporomoka, linayakanyaga tena. Kwenye nyufa unaona wekundu. Na sauti yake, Dada, ni kama mtu anayevunja sahani za kabati zima, moja baada ya nyingine, bila hasira.

Watu wanadhani lava inakufukuza. Haikufukuzi. Inakupa nafasi ya kubeba godoro, kurudi kuchukua sufuria, kurudi tena kugombana na mkeo kuhusu kilichosahauliwa. Huo ndio ubaya wake. Kinachokuja mbio unakikimbia. Kinachokuja polepole unabaki kukifikiria.

Imeshika lile korongo kavu nyuma ya shule, maana nayo kama maji hupenda mteremko. Unajua korongo linakopita: mtaa wa juu, ubavuni kabisa mwa nyumba yako.

Huku kila mtu anavua nyumba. Ndilo neno la siku hizi. Mabati yanashushwa, milango inang'olewa, madirisha, vitasa, hata misumari inanyooshwa na kutiwa mfukoni. Ukuta haubebeki, lakini bati ukilishusha leo utaliezeka kesho kwingine. Mimi seremala natafutwa kutwa nzima kama bwana harusi aliyetoroka.

Nyumba yako sijaigusa. Najua ni kuta za Kimya. Mwanao alifyatua matofali yale kwa mikono yake, mimi mjomba wake nikamtengenezea milango na paa. Niambie: niivue au niiache? Jibu upesi. Lava haingojei posta.

Mdogo wako, aliye hai kwa sababu ya miguu, si akili


20 Februari

Mdogo wangu Mtundu,

Barua yako imenifikia jana, imekunjwakunjwa kama kitambaa cha mafua. Nimeisoma. Wewe hata siku ya kiama utamtania malaika. Mwambie wifi yangu nampa pole ya mlima, na pole ya wewe.

Mimi mzima. Baridi kidogo ya vidole. Kule kwenye chumba cha kushonea, chini ya ngazi za hospitali, shuka haziishi. Wagonjwa wanazirarua kama wanalipwa. Msimamizi ameniambia nipumzike kwanza. Napumzika. Nimehama pia kile chumba cha mbele, nimeingia cha nyuma, hakina kelele za barabara.

Sasa la nyumba. Usiiguse.

Nimeliandika peke yake ulione. Kimya alipofariki nilimzika huku, kwenye mji ambao hata hakuupenda. Kila Jumapili naenda nang'oa majani pale, lakini pale ni udongo tu wa watu wengine. Kilichobaki chake ni zile kuta. Alizijenga likizo kwa likizo, akirudi huku kibaruani na mgongo umepinda. Kama mlima unazitaka, uzikute zimevaa. Sitaki nyumba ya mwanangu ife uchi kama maiti aliyeporwa njiani.

Halafu nataka ujue jambo ambalo sijalisema kwa mtu. Nimeamua kurudi. Sio kutembea; kurudi. Nataka kuzeeka ndani ya ile nyumba, nilale chumba cha dirisha la jikoni, nigombane na wewe kila asubuhi mpaka mmoja wetu atangulie. Sina mpango mwingine. Kwa hiyo usinivulie nyumba, Mtundu. Itazame tu, na uniandikie imefikwa au haijafikwa.

Dada yako


22 Februari

Dada,

Nimengoja jibu lako mpaka karani wa posta akiniona anajificha chini ya meza. Posta yenyewe haipo tena, imehamia darasani. Barua zimepangwa kwenye madawati kama wanafunzi, na yako haikuhudhuria.

Salamu za hapa ni za kukohoa. Hewa ina harufu ya kiberiti kilichozimwa. Wifi yako amefunga kitambaa puani, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe kuna kitu kinachopunguza sauti yake. Usimwambie nimefurahi.

Nitasema moja kwa moja: jana nimeivua nyumba yako.

Nisikilize kwanza. Kichwa cha lava kilikuwa kimefika kwenye uzio. Ule uzio wa miti uliwaka kabla haujaguswa, kwa joto tu, majani yakajikunja kama ngumi za mtoto. Kinyozi akaniuliza, "Fundi, unangoja nini?" Nikamwambia, "Barua." Akanitazama kama unavyomtazama mgonjwa. Wifi yako akasema, "Dada yako akikosa kuta atalia. Akikosa kuta na mabati na milango atalia na kulala nje." Nikaona ana haki, na unajua inavyoniuma kuandika hivyo.

Basi tukapanda. Sikuivua kama wengine wanavyovua, kwa nyundo na matusi. Kila bati nimelitoa na misumari yake. Kila mlango nimeuandika kwa chaki: mbele, chumbani, jikoni. Ule wa jikoni haukutaka kutoka, fremu ilikuwa imekamatwa ukutani vizuri mno. Nikasema, "Kimya, mjomba wako anakuomba, achia." Kinyozi akageuka akajifanya anatazama moshi.

Kila kitu kimehifadhiwa karakanani kwangu, mtaa wa chini. Karakana iko mbali na kichwa cha lava, mwendo wa kuchoka kabisa kwa miguu. Ukija utakuta mali yako imepangwa kama dukani.

Kulikuwa na yule binti wa vipimo, mwenye kofia ngumu, wanamwita Binti Kofia. Anazunguka na fimbo ya chuma anaichomeka kwenye moto na kuandika. Alituona tunashusha mabati kwenye mkokoteni, akauliza yanakwenda wapi. Nikamwambia karakanani. Akasema, "Mzee, pale chini kando ya korongo?" Nikamwambia ndiyo, lava iko huku, karakana iko kule. Akasema, "Usitazame kichwa chake. Juu inaganda, inajifanyia gamba. Chini ya gamba inaendelea kwenda, moto uleule, kama maji ndani ya bomba. Ukiona kichwa kimesimama, jiulize inapitia wapi."

Nikamjibu, "Binti, mimi na mke wangu tumeishi hivyo miaka yote, juu baridi, chini moto, na hatujawahi kuchoma nyumba ya mtu." Watu walicheka. Yeye hakucheka. Vijana wa siku hizi wamesoma mpaka wamesahau kucheka.

Nitakuandikia kuta zikifikwa. Jiandae, Dada. Ni leo au kesho.

Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Barua zetu zimepishana njiani kama watu waliokosana. Yako imenifikia, bila shaka yangu imekufikia pia, na sasa unajua nilichosema, na mimi najua ulichofanya.

Sitakugombeza. Ulingoja. Mwambie wifi sikukasirika naye hata kidogo.

Nimekaa siku nzima na barua ile mapajani. Nilifikiri utaniandikia kesho yake kwamba zimekwenda. Hukuandika. Kila siku usiyoandika nasema labda zipo. Kama zipo, Mtundu, rudisha paa. Usingoje mlima utulie wote. Yale ni matofali mabichi. Kimya hakuwahi kuyachoma, kuni zilikuwa ghali, akasema, "Mama, paa nitalitokeza mbele, litayakinga, nikipata nitapiga lipu nje." Hakupata. Zile kuta ni tope lililokauka tu, zimesimama kwa sababu zimefunikwa. Mvua ikizikuta hivyo, haitahitaji moto.

Huku tayari mawingu yanakusanyika kila jioni.

Naendelea kupumzika. Nimefunga sanduku moja. Nitakuja mwisho wa Aprili.

Dada yako


19 Machi

Kutoka darasani

Dada yangu mpenzi,

Usishangae kuona nimeandika darasani. Tumehamia hapa kidogo, mimi na wifi yako na nusu ya mtaa, kwa ajili ya moshi. Nimepewa dawati la mwisho nyuma, palepale nilipokaa nikiwa mtoto, na bado sijui jibu la hesabu iliyo ubaoni. Mbuzi wapo nje, wanazunguka ovyo miguuni mwa watu. Karani wa posta analala chini ya barua za watu na anakoroma kama injini.

Nina habari. Safari hii si uongo, muulize yeyote. Lava imesimama. Imesimama hatua chache kutoka ukutani kwako. Mtu akikaa dirishani pa jikoni anaweza kuitemea mate. Kichwa chake kilifika, kikainama kidogo kama mgeni anayesoma namba ya nyumba, kikaganda. Mimi nilikuwepo. Ukuta ulipata joto mpaka paka wote wa mtaa wakahamia pale kulala. Kuta za Kimya ziko nne, zimesimama, hazina hata ufa. Kinyozi alilia. Mimi sikulia, nilikuwa na vumbi.

Kuhusu paa, tutazungumza. Kuna mambo ya kupanga. Mafundi wengi wana kazi, ngazi zimekuwa adimu. Wifi yako ananiambia kuna jambo nikuandikie, mimi namwambia karatasi imekaribia kuisha, anasema geuza upande wa pili. Upande wa pili kalamu haishiki vizuri.

Usije Aprili. Barabara kuu imekatwa, magari yanazunguka nyuma ya mlima, watu wanatapika. Ngoja Juni. Juni pazuri.

Na wewe mbona herufi zako zimekuwa kubwa hivi? Barua ya kwanza zilikuwa za kawaida, hii ya mwisho neno moja linajaza mstari, kama unaandika bango la duka. Karatasi za huko bure?

Mdogo wako anayekupenda, ingawa haandiki hivyo mara nyingi


6 Aprili

Mtundu,

Sina salamu leo.

Nilikuomba jambo moja: rudisha paa. Ukanipa paka, ukanipa mbuzi, ukanipa karani anayekoroma. Nimekulea wewe. Mama alikuwa shambani, mimi ndiye niliyekushusha mgongoni na kukutia mgongoni. Ukianza kunichekesha sana najua umevunja kitu.

Kwa kuwa unangoja nianze, naanza mimi. Herufi zangu ni kubwa kwa sababu macho yamekwisha. Mwezi wa kwanza nilishona shuka pamoja na kidole changu, nikaona damu kabla sijaona sindano. Msimamizi hakunipumzisha, alinipa mkono na khanga moja, akasema asante mama kwa kazi. Chumba cha nyuma si kwamba hakina kelele, hakina dirisha. Hata hicho ni cha mwezi huu tu, mwenye nyumba ana mtoto anayeoa. Daktari anasema nuru iliyobaki haitaongezeka.

Sikukwambia kwa sababu ungekuja kunichukua kwa goti lako hilo bovu, na mimi nilitaka kuingia mtaani kwa miguu yangu, nifungue mlango wangu kwa ufunguo wangu. Ile nyumba naijua kwa kupapasa. Najua jikoni kuna hatua inayoshuka, najua ukuta wa chumbani una tofali moja lililotokeza kidogo kwenye bega, nilimwambia Kimya alirekebishe akasema liache, Mama, utalishika ukiamka usiku. Kwingine popote ningekuwa kipofu. Pale ningekuwa mtu aliye nyumbani kwake.

Huku mvua imeshanyesha wiki nzima. Huko je?

Niandikie ukweli au usiandike kabisa.

Dada


17 Aprili

Dada,

Nimesomewa barua yako na wifi yako, kwa sauti, mbele ya dawati langu, kwa sababu nilipoifungua nikaona haina salamu nilimsukumia yeye. Alipofika kwenye sindano na kidole aliurudia mstari ule, akasoma mpaka mwisho. Kisha akaikunja, akaniwekea karatasi mpya na kalamu mpya, akasema, "Pande zote mbili."

Karakana imeungua. Iliungua tarehe pili Machi, kabla sijakuandikia habari za paka. Kichwa cha lava kilikuwa kimesimama kule kwako, sote tunakishangilia, kinyozi amewasha redio. Kumbe yenyewe ilikuwa inapita chini ya gamba lake, kama alivyosema Binti Kofia, imehifadhi moto wake wote ndani kama chai kwenye chupa. Ikatokea mtaa wa chini, nyuma ya karakana, kutoka kwenye jiwe ambalo asubuhi mtu alikuwa ameanikia nguo. Haikuwa ile ya kutembea. Ilikuwa nyepesi, nyekundu, inang'aa kama asali, ikaingia mlangoni kama mteja. Nilikimbia nikafika nikaona mlango wako wa mbele umeegemea ukutani na chaki yangu juu yake, na chaki ilisomeka mpaka mwisho. Mabati yalijikunja. Ubao wa miaka yangu yote, randa, patasi, meza ya baba, vyote. Nyumba yetu pia, iko ubavuni pake. Ndiyo maana niko darasani. Moshi si sababu, nilikudanganya.

Binti Kofia alikuja akasimama karibu nami. Nilidhani atasema nilikwambia. Akasema, "Pole, Babu." Nikatamani angesema nilikwambia.

Nilikuwa nimekuvulia nyumba ili moto usikute kitu, nikaenda kuviweka vitu mahali moto ulipopanga kupita. Na moto nyumba yako haukuigusa. Ningekaa tu juu ya ukuta wa kinyozi na viatu mkononi, kama mtu mwenye akili timamu, leo ungekuwa na paa na milango yote mitatu na nyumba imesimama hatua chache kutoka kwenye lava, watu wanakuja kuitazama. Nimelifikiria hilo kila upande. Halina upande mwingine.

Baada ya hapo nikatafuta turubai. Mji mzima unatafuta turubai. Nikapata nusu, nikaongeza magunia, nikaongeza pazia la wifi yako lile la maua, nikalifunga kwa kamba za mbuzi. Ndiyo sababu nilisema mbuzi wanazunguka ovyo. Nilikuwa napanda kila siku kukaza. Goti lilikuwa linapiga kelele kuliko mimi. Nikakwambia njoo Juni, nikidhani mpaka Juni nitakuwa nimepata hata mabati chakavu, ukija nikuonyeshe nyumba imevaa viraka, unitukane, tucheke.

Mvua ilikuja tarehe ishirini na ngapi sijui ya Machi, siku hazina majina darasani. Ilikuja mchana, na upepo. Pazia lilitangulia, likaenda zake juu ya lava likaungua hewani. Kisha magunia. Lava yenyewe ikatoa mvuke mpaka hatukuonana. Mimi na kinyozi na wifi yako tulikuwa tumesimama katikati ya chumba chako tumenyanyua karai na beseni na mlango wa kabati, tunaukinga ukuta, watu wazima watatu kama wendawazimu. Wifi yako alivua hata kanga yake ya juu akaifunika tofali. Alikuwa anaziambia zile kuta, "Subirini, subirini kidogo tu."

Kuta hazikuanguka, Dada. Nataka ujue hazikuanguka kwa kishindo. Zililowa, zikawa nyeusi, zikaketi. Kama mtu aliyesimama siku nzima akapata kiti. Wa mbele ulianza, kisha wa barabarani, kisha wa chumbani pamoja na lile tofali lako la begani. Kinyozi alinivuta mkono nikatoka.

Umebaki mmoja. Wa jikoni, ulioelekea lava. Ule joto la mawe liliukausha upande mmoja kabla mvua haijauchosha, ukabaki. Dirisha bado lipo ndani yake, halina fremu, shimo tu. Nimeuwekea kofia ya nyasi na kipande cha bati lililonisubiri barabarani. Kila asubuhi naenda kuushika.

Huo ndio ukweli, pande zote mbili za karatasi. Sasa nimeingia karatasi ya pili.

Umesema utakuwa bila chumba mwisho wa mwezi. Njoo. Wifi yako amekutengea nafasi chini ya dirisha la darasa, upande usio na karani. Amepima kwa hatua zako, akamhamisha mtu. Hutafungua mlango wako kwa ufunguo wako. Sina la kusema juu ya hilo. Nimejaribu kuandika mzaha hapa mara nne na kila mara wifi yako ameufuta.

Kuna kitu ninachokifanya ambacho hakuna aliyenituma. Lile tope la kuta bado liko pale, limekaa kama lilivyoketi. Ni udongo uleule Kimya aliouchimba, sikuwaachia watu waupeleke. Naukanyaga kwa miguu, naufyatua upya kwa kibao. Ubavu wa lava bado una joto, hata siku ya mvua unakausha. Naweka tofali juu ya jiwe asubuhi, jioni limekauka mpaka linalia ukiligonga. Matofali yangu ni mabaya. Yametoka kama mikate iliyokosa hamira. Mimi ni mtu wa mbao, sijui udongo, na mwanao angeyaona angenyamaza kama kawaida yake, na kunyamaza kwake ndiko kulikuwa kunaniuma. Nimepandisha mstari wa kwanza na wa pili kuungana na ukuta uliobaki. Binti Kofia alipita akainamisha kichwa upande. Kinyozi akainamisha upande wa pili. Wifi yako akasema, "Huo ukuta umekunywa."

Kwa hiyo nina ombi dogo, na si kukuomba hasa, ni kukudai. Siku ile ya msiba ulichukua mfuko wa kazi wa Kimya, hukumruhusu mtu aufungue, na ilikuwa haki yako. Lakini ndani yake kuna timazi, ile kamba yenye chuma cha kuning'inia, ya kupimia kama ukuta umesimama wima. Ni yangu. Nilimwazimisha alipoanza kujenga, akasema, "Nitarudisha, Mjomba, nikimaliza." Hakumaliza, kwa hiyo sikuidai.

Sasa naidai. Naomba unirudishie, na usiitume. Posta yetu, wewe mwenyewe unajua, iko chini ya mtu anayekoroma. Ilete mkononi.

Mdogo wako